Suti ya Kuazima ya Varo Montiel

"Usikate simu, Amparo. Nimekupigia kukuambia kwamba nimekusamehe."

Amparo Lezama alisimama katikati ya saluni yake na brashi ya rangi mkononi. Kitini mbele yake alikaa Mama Licha, kichwa chote kimepakwa rangi ya kahawia, bado upande wa sikio la kushoto tu. Tone likamdondokea shavuni.

"Umenisamehe nini, Varo?"

"Yote. Miaka thelathini inatosha. Nimechoka kubeba kinyongo."

Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono ya Amparo ilikuwa na glavu, kwa hiyo saluni nzima ikasikia. Aliyekuwa chini ya draya akajitoa chini ya draya. Sauti ya mwanamume ikaendelea, nzito na tamu, kueleza kwamba ile albamu inatimiza miaka thelathini, inachapwa upya kwenye santuri, na kuna watu wanaitengenezea filamu. Na hao watu wa filamu wamesema filamu bila Amparo ni sawa na chapati ya taco bila nyama. Basi yeye yuko tayari kumpokea tena, mbele ya kamera, mbele ya mashabiki, na kumkumbatia.

Amparo akasema atafikiri, akakata kwa kiwiko.

"Shoga," akasema Mama Licha, "huyo anayekusamehe ni nani, na mimi sikio langu linaungua?"

Sasa hapo inabidi nikuelezee. Katika Jiji la Mexico, mtu yeyote anayesikiliza roki analijua jina la Amparo. Kundi la Varo, Gotera, lilitoa albamu moja tu ya maana, inaitwa "Suti ya Kuazima", na kwenye jalada lake kuna suti ya kijivu imening'inia kwenye kamba ya nguo, juu ya paa, katikati ya matangi ya maji. Nyimbo zote ni kisa kimoja. Kijana maskini ameazima suti ili akaoe kwenye ile harusi ya pamoja ya tarehe kumi na nne Februari, pale manispaa ya Iztacalco, ambapo mamia ya watu wanafungishwa ndoa kwa mpigo mmoja, bure. Wenzake wanaoa. Yeye anasubiri. Bibi harusi hatokei, mpaka wafagiaji wanakuja kufagia maua. Kwenye kiitikio gitaa linanyamaza, mwimbaji anauliza, "Amparo, uko wapi?" na watu wote, iwe ukumbini au uwanja wa mpira, wanajibu kwa pamoja: "Msaliti!"

Watoto ambao mama zao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wanapiga kelele hiyo. Siku moja dereva wa teksi alimwambia Amparo kwamba akikutana na yule mwanamke wa kwenye wimbo atamshusha garini katikati ya barabara. Amparo alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Alimlipa na akamwachia chenji.

Mama Licha hakujua lolote kati ya hayo, na usimshangae. Kule mitaa ya mashariki watu wa roki na watu wa kumbia, ule muziki wa kucheza wawili wawili, wanaishi mlango kwa mlango na hawasikilizani. Wa roki wanasema kumbia ni muziki wa kuoshea sufuria. Wa kumbia wanasema roki ni kelele za mtu aliyekanyaga msumari. Mama Licha na mumewe, Mzee Chon, ni kumbia damu damu. Kila wikiendi utawakuta barabarani mbele ya maspika makubwa kama makabati, wanazunguka, yeye na viatu vyake vya dhahabu. Kwake redio ya roki haijawahi kuwashwa.

Amparo akafungua droo ya chini, chini ya roli za nywele, akatoa santuri iliyochakaa kona.

"Na wewe unayo?" akauliza Mama Licha.

"Ninayo. Ni nzuri."

"Nimesikia hapa kwamba inakutukana, halafu unaniambia nzuri?"

"Huo ndio ubaya wake, Licha. Ingekuwa mbaya ningeshaisahau."

Akaiweka kwenye gramafoni. Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa la besi peke yake, polepole, kama mtu anayepanda ngazi za chuma kwenda juu ya paa. Ngoma zinachelewa kuingia, unazisubiri hadi unakasirika, na zinapoingia unaona kweli zilipaswa kuchelewa. Halafu sauti ya Varo, sauti ya kijana wa miaka ishirini na kidogo, imepasuka katikati. Kuna wimbo mmoja hauna ngoma kabisa. Ni sauti na ufagio. Walirekodi ufagio wa kweli ukifagia sakafu, shwa, shwa, na ukiusikia unajua kwamba sherehe imekwisha na kuna mtu amebaki.

Mguu wa Mama Licha ulianza kutikisika wenyewe. Akauzuia. Ilipofika katikati ya upande wa kwanza akainua kidole.

"Rudisha hapo. Kasema nini?"

"Kasema mikono imekufa ganzi kwa kushika hanga ya suti."

"Na hapo mbele?"

"Kasema hakimu amemuuliza mwenzako yuko wapi, naye akamwonyesha suti."

Mama Licha akageuka na kiti chake. "Amparo. Kama suti kaivaa, hanga anashikia nini?"

Miaka yote hiyo, mashabiki wanaoijua albamu kama wanavyojua sala, wachambuzi wa magazetini, wote, hakuna aliyewahi kuuliza. Mama Licha aliuliza siku ya kwanza, na rangi kichwani.

"Huyu mwanamume," akasema taratibu, "anaimba habari zako. Wewe ndiye uliyekuwa na hanga. Mimi nilikuwepo."

Kweli alikuwepo. Siku ile, mwaka mmoja kabla ya albamu, Amparo alisimama uwanjani akiwa na shada mkono mmoja na suti ya baba yake mkono wa pili, maana Varo hakuwa na suti na walikubaliana angevaa palepale. Varo asubuhi ile alikuwa kwenye basi la kwenda mji wa Guadalajara. Kundi lilikuwa limepata nafasi kwenye tamasha, naye hakuona haja ya kumwambia mtu. Waliosimama kwenye mstari karibu na Amparo walikuwa kijana mmoja na mchumba wake, ambao hakuwajua kabisa. Hakimu aliposema kila mmoja ashike mkono wa mwenzake, yule mchumba akamnong'oneza kijana wake ampe huyu dada mkono wa pili, asionekane yuko peke yake. Kijana akatii. Huyo ndiye Mzee Chon, na mpaka leo hana hakika aliondoka pale ameoa wangapi.

Wiki iliyofuata Varo aliporudi, Amparo alimpigia kutoka kibanda cha simu na akammwagia yote: hanga, ganzi, hakimu, ufagio. Upande wa pili kulikuwa kimya. Amparo alidhani analia. Kumbe alikuwa anaandika.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Licha alikuwa karibu kulia, na rangi ikaanza kushuka shingoni.

"Nikuambie nini? Kwamba nchi nzima inanizomea kwa maneno yangu mwenyewe? Nilitaka nibaki na nyumba moja mjini ambamo siitwi msaliti. Yenu."

"Sasa unataka nini kwake?"

"Jina langu. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, nani alisubiri."

Mama Licha akasema angetaka na meno yake mawili ya mbele pia, lakini jina si mbaya kwa kuanzia.

* * *

Varo Montiel alikuja mwenyewe. Jaketi jeusi la ngozi kwenye jua kali, nywele za mvi amezifunga mkia wa farasi, tumbo linatangulia. Mkononi mfuko wa mikate ya sukari na shada la maua meupe. Wateja wawili waliomba kupiga naye picha hata kabla hajasalimia. Mzee amechakaa, hilo tukubaliane, ila sauti haijaguswa.

Alikaa chini ya draya kama mteja akazungumza. Alimweleza Amparo kwamba wake wawili wamemwacha na anawaelewa. Kwamba anaamka asubuhi na hakuna anayemuuliza ameota nini. Kwamba wazo la filamu ni la watu wa filamu, lakini wazo lingine ni lake.

"Tuoane, Amparo. Tarehe kumi na nne, palepale. Tumalize tulichoanza."

"Kweli, au kwa ajili ya kamera?"

"Vyote viwili. Nikikudanganya kwamba kamera hazinifurahishi utanijua."

Amparo akacheka. Hakutaka, ila alicheka. Varo akaona mlango umefunguka kidogo, akaanza kuimba ule wimbo wa ufagio, kwa sauti ya chini, bila gitaa, akifuata mwendo wa ufagio wa saluni uliokuwa mkononi mwa Amparo. Mama mmoja aliyekuwa anapakwa rangi ya kucha alitoa leso.

Tangu siku ile meseji zikawa hazikauki.

"Malkia, umekula?"

"Leo nimepita ule mtaa tuliokuwa tunanunua mahindi ya kuchoma. Yule mama amekufa. Binti yake anachoma vilevile."

"Niambie rangi ya gauni nisije nikafanana na pazia."

Amparo alimsomea Mama Licha kila moja, halafu akaanza kuruka baadhi. Mama Licha aliziona zinarukwa. Akamuuliza waziwazi kama bado anampenda. Amparo alijibu kwamba anamchukia kila siku tangu Februari ile, na kwamba mtu huwezi kumchukia kila siku hivyo kama hukai unamuwaza.

Sheria ya pale inataka wachumba wahudhurie darasa la ndoa kabla hawajafungishwa. Basi Amparo akakubali, wakaenda, bibi na bwana wenye mvi kati ya watoto wa miaka kumi na tisa, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Msichana aliyekuwa anafundisha aliwaambia kila mmoja amgeukie mwenzake na amwambie jambo ambalo hajawahi kulisema. Kulia kwao kijana mmoja alikuwa anakiri kwamba hapendi mapishi ya mama mkwe. Amparo akamgeukia Varo.

"Ulikuwa wapi siku ile?"

Varo akatazama sakafu. "Guadalajara."

"Nani alisubiri?"

Varo akakwangua ukingo wa kiti chake.

"Varo. Nani alisubiri?"

"Wewe." Akalisema kama mtu anayetema mfupa. Machozi yakamtoka, ya kweli, Amparo aliyajua. "Wewe ulisubiri. Mimi nilisikia kwenye simu, na yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Niliyataka yawe yangu."

Amparo akavuta kiti chake karibu. Kisha akamshika mkono, mara ya kwanza tangu ujana wao.

"Jumapili unakwenda redioni. Sema hayohayo. Usiongeze kitu. Ukisema, mimi ni mke wako wa kweli, na kamera zikiondoka nitabaki. Nitakupikia. Na huo mkia wa farasi nitaupaka rangi bure."

"Nitasema. Naapa kwa mama yangu."

Mama Licha aliposimuliwa alitaka kujua huyo mama ameapiwa mara ngapi. Lakini Amparo siku hiyo alikuwa anafagia saluni huku anaimba, kwa hiyo akanyamaza.

* * *

Kile kituo cha roki kina desturi yake. Jumapili mchana wanapiga albamu nzima, toka mwanzo hadi mwisho, bila tangazo hata moja. Mtangazaji anaongea mara moja tu, santuri inapogeuzwa. Watu wengine wanafunga maduka kwa ajili hiyo. Jumapili ile Amparo alifungua saluni makusudi, akakaribisha majirani, akaweka redio juu ya kabati la vioo. Mama Licha alikuja na Mzee Chon, ambaye aliuliza mara tatu kama baada ya hapo watapiga na kumbia.

Upande wa kwanza ukaisha na ufagio. Sindano ikainuliwa. Mtangazaji akasema yupo hapa bwana mwenyewe, na kwamba anataka kumuuliza swali ambalo kila shabiki angetaka kuuliza: siku ile uwanjani, ilikuwaje hasa?

Varo akavuta pumzi. Redioni pumzi inasikika. Amparo alikuwa amesimama na mkono kinywani.

"Nilisubiri," akasema Varo. "Nilisubiri na suti ya kuazima mwilini. Mvua ikaanza kunyesha. Wenzangu wakaondoka na wake zao, mimi nikabaki na mvua."

"Februari hapa mvua inatoka wapi?" akauliza Mzee Chon. Mama Licha akamkanyaga mguu.

Varo akaendelea. Akasema amemsamehe. Akasema Amparo alikuja kwake akilia, akapiga magoti, akaomba radhi, na kwamba mwanamume mwenye moyo hawezi kumwacha mwanamke magotini. Mtangazaji mwenyewe akapenga kamasi. Upande wa pili ukaanza.

Simu ya Amparo ikawaka.

"Mpenzi usikasirike. Watu wa filamu walikuwa wananitazama. Mashabiki wangevunjika moyo. Tukishaoana tutasema pole pole."

Amparo alisoma mara moja. Hakulia. Aliinua sauti ya redio kidogo, kwa sababu ulikuwa umefika ule wimbo wenye magitaa mawili yanayojibizana na hakuwahi kuuruka hata siku moja. Ulipokwisha akaandika:

"Nimekuelewa. Tukutane uwanjani. Vaa suti."

"Amparo," akasema Mama Licha, "usiniambie utakwenda kuolewa na huyo."

"Nitakwenda. Nisipokwenda nitamwonaje?"

Mama Licha alimtazama usoni, na kilichokuwa usoni pale kikamfanya avute kiti.

"Niambie mimi na Chon tusimame wapi."

* * *

Tarehe kumi na nne jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Mbele ya manispaa kulikuwa na tao la maputo mekundu, mabibi harusi wenye raba chini ya magauni, wengine na mtoto mchanga kifuani. Kwenye uzio walijaa mashabiki wa Gotera, fulana nyeusi zenye picha ya suti. Kamera za filamu zilikuwa tatu. Varo alisimama kwenye mstari wake ndani ya suti ya kijivu waliyomvalisha watu wa filamu, na kwenye ukosi wake walimbandika kipaza sauti kidogo, kwa sababu baada ya ndoa angewaimbia maharusi wote, na sauti ingetoka kwenye maspika ya uwanja.

Amparo hakuwepo.

Pembeni yake alisimama mzee mmoja na mkewe mwenye viatu vya dhahabu, waliosema wamekuja kukumbuka siku yao. Varo akawaeleza kwamba bibi harusi wake anachelewa kidogo, wanawake na vioo vyao.

"Naielewa hali hiyo," akasema Mzee Chon. "Na mimi nilioa hapahapa. Kulikuwa na dada mmoja karibu yangu, alichelewewa vibaya."

Varo hakumsikia. Alikuwa anatazama lango.

Hakimu akapanda jukwaani. Akasoma alichosoma. Akawataka maharusi wote washikane mikono, na mamia ya mikono ikatafutana na kushikana. Varo akabaki na yake imening'inia. Mzee Chon akamtazama, akatoa mkono wake wa pili, akaufikiria, akaurudisha mfukoni.

Kule kwenye uzio minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akaliita jina la Amparo, na wote wakajibu kama walivyozoea, "Msaliti," mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa hasira. Kamera zikasogea. Varo akatoa simu akapiga, na kwa kuwa jasho lilikuwa linamtoka, kile kipaza sauti ukosini akakisahau.

"Uko wapi?" Maspika yote ya uwanja yakauliza naye.

"Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha juisi. Nakuona vizuri." Sauti ya Amparo ilisikika nyembamba, lakini ilisikika.

"Njoo basi. Wameshaanza."

"Mikono imekufa ganzi?"

"Amparo, usinifanyie mchezo. Watu wananitazama."

"Mimi pia walinitazama. Hakimu amekuuliza mwenzako yuko wapi, au bado?"

"Njoo nitakueleza. Nitasema, nimekuahidi nitasema."

"Ulikuwa na Jumapili."

"Sawa, nilikwenda Guadalajara!" Sauti ikapiga kwenye kuta za manispaa ikarudi. "Nilikwenda Guadalajara, nilikuwa kijana, nilikuacha umesimama hapa, unataka nini tena? Nipige magoti mimi? Usiniache hivi mbele ya watu, Amparo, nakuomba."

Maharusi wote wakageuka. Hata hakimu alishusha karatasi. Varo akasikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe yakiisha, akatazama ukosi wake.

"Asante," akasema Amparo simuni. "Ulikuwa unaimba kitu ambacho hukuwahi kukiona. Sasa umekiona. Subiri mpaka wafagie."

Akakata.

Msichana mmoja kwenye uzio, nywele za zambarau, akauliza kwa sauti, bila kumlenga mtu hasa, kwamba kwa hiyo aliyesubiri alikuwa nani. Mama Licha hakungoja kuitwa. Alimsogelea yule wa filamu mwenye kipaza sauti cha fimbo, akakivuta kwake kama anavuta tawi.

"Aliyesubiri ni yeye. Mimi naitwa Alicia, Licha kwa majirani, na huyu ni mume wangu Encarnación, Chon, tulifunga ndoa siku ile, yeye amesimama hapa, mimi hapa, na Amparo pale. Suti ilikuwa kwenye hanga, haikuvaliwa na mtu. Nyie mnaojua hizo nyimbo kwa moyo, hamkujiuliza mtu aliyevaa suti anashika hanga ya nini?"

Msichana wa nywele za zambarau akaitazama picha ya suti kwenye fulana yake. Ungeziona nyuso za wale watu. Kila mmoja alikuwa anaipitia albamu kichwani, wimbo kwa wimbo, na kila mstari ukikaa mahali pake kwa mara ya kwanza. Mmoja alianza kulia, mwanamume mzima, na fulana yake nyeusi.

"Na mvua," akaongeza Mzee Chon, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limemkera wiki nzima, "haikunyesha."

Hakimu, ambaye alikuwa na kazi ya kufanya, akawatangaza wote waliosalia kuwa mume na mke. Muziki ukapigwa, keki ikakatwa. Watu wakamzunguka Varo kwa mbali, kama wanavyozunguka dimbwi. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Alingoja gari la watu wa filamu, ila watu wa filamu walikuwa wamevuka barabara wote, na kamera zao tatu, kwenda kwenye kibanda cha juisi.

* * *

Albamu iliuzwa kuliko ilivyowahi kuuzwa. Watu wakaisikiliza upya na kuiona nzuri maradufu, na ukumbini siku hizi, gitaa likinyamaza na jina la Amparo likiitwa, wanawake wanajibu, "Nipo!" Makundi mengine ndiyo yanayoziimba nyimbo hizo. Varo hapati mialiko.

Alipiga simu saluni wiki kadhaa baadaye. Amparo alikuwa anamkata mteja kishungi, simu kwenye spika kama kawaida.

"Umeniua, Amparo."

"Unaongea vizuri sana kwa maiti."

"Sina hasira. Nataka kujua kitu kimoja tu." Sauti ilikuwa ileile, nzito na tamu, na sasa imepasuka katikati kama ya kwenye santuri. "Ile Jumapili. Kama ningesema ukweli. Ungekuja kweli uwanjani, au ilikuwa mtego tangu mwanzo?"

Amparo akaweka mkasi mezani.

"Gauni lilikuwa tayari, Varo. Nilikwenda kulichukua kwa fundi Jumamosi ya kabla. Limepigwa pasi, liko kabatini kwangu na mfuko wake wa nailoni."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Rangi gani?" akauliza mwishowe.

"Hutajua," akasema Amparo, akakata simu, akachukua mkasi, akamuuliza mteja kama anataka kifike kwenye nyusi au juu kidogo.